Amani na kusudi baada ya kiharusi: mwongozo wa imani kwa mgonjwa na wanaomuuguza

Kiharusi humpata mtu kwa dakika chache, kisha humwachia miaka ya maswali. Mkono hauinuki, ulimi ni mzito, na aliyekuwa akilisha nyumba nzima sasa analishwa kwa kijiko. Katika nyumba nyingi kuanzia Kisumu hadi Kakamega, Vihiga na Nakuru, maswali hayo humfikia Mungu kabla ya kumfikia daktari, na sioni ubaya wowote hapo. Kinachonisikitisha, katika kazi hii ya kanisa ya kutembelea wagonjwa majumbani, ni kuona mtu ameliweka kando kila jambo akingoja apone. Nikipona nitarudi kwaya. Nikipona nitapatana na ndugu yangu. Nikipona nitajua kwa nini Mungu aliniacha hai.

Usiliweke kusudi lako ng'ambo ya kupona. Huenda mwili ukarudi wote, huenda ukarudi nusu, na katika hali zote mbili maisha yako yanaendelea leo. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa mfuatano ninaouona ukisaidia. Mimi ni Mkristo na ninaandika kama Mkristo, lakini nimeweka pia mambo yanayowahusu majirani zetu Waislamu, kwa kuwa kiharusi hakichagui dini.

Hatua ya 1: Funga kesi ya "nani amenifanyia hivi"

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Mara nyingi mshipa huzibwa na bonge la damu; mara chache zaidi hupasuka na damu ikavujia ndani ya kichwa. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, na kiungo kilichokuwa kikiongozwa na sehemu hiyo hunyamaza. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaobeba lugha. Kisababishi kikubwa kuliko vyote ni presha iliyokaa juu kwa miaka bila mwenyewe kujua, maana presha kwa kawaida haiumi. Kisukari, sigara na moyo unaodunda bila mpangilio huongeza hatari.

Najua yanayosemwa uani wageni wakishaondoka. Huku ziwani mtu huambiwa ni chira, kuna mwiko ulivunjwa nyumbani. Kwingine huambiwa ametupiwa kitu na jirani wanayegombania mpaka wa shamba. Kanisani nako huulizwa ana dhambi gani aliyoificha. Nimeona kesi hizo zikila pesa za dawa na kuwatenganisha ndugu, na bado mkono haukuinuka. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, naye akakataa majibu yote mawili.

Fanya hivi. Katika kliniki inayofuata, wewe au anayekuuguza muulize daktari mambo matatu: kiharusi changu kilikuwa cha kuziba au cha kupasuka, kilikuwa upande gani wa ubongo, na kilisababishwa na nini? Yaandikeni kwenye daftari, kisha msomeeni jamaa wote siku wamekusanyika. Kama kweli upo ugomvi wa zamani na jirani au mke mwenza, patana naye, kwa sababu ugomvi ni mzigo kwa mtu anayejaribu kulala usingizi. Huo ndio umuhimu wake, wala si ugomvi huo uliokuangusha.

Hatua ya 2: Dawa na maombi vikae meza moja

Hatari ya kiharusi cha pili ni kubwa zaidi katika siku na wiki za mwanzo, na haiishi baadaye. Dawa za presha humezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Kujisikia mzima si ushahidi kwamba presha imeshuka; mashine ndiyo huonyesha. Mtu akikutabiria kwamba umepona uache vidonge, mshukuru kwa maombi yake, kisha uendelee kumeza mpaka daktari mwenyewe abadilishe. Muujiza wa kweli hautaogopa mashine ya presha.

Njia nyepesi ya kuvishika vyote viwili ni kufunga dawa na sala kwa kamba moja. Kikombe cha maji mkononi, kidonge ulimini, sentensi moja ya shukrani. Baada ya wiki chache hutahitaji kukumbushwa na mtu.

Kufunga kula kunahitaji uangalifu. Ukiwa na kisukari, kukaa bila chakula kunaweza kushusha sukari hadi uzirai, na ukiacha maji siku nzima damu yako haifaidiki. Zungumza na daktari kwanza, au funga kitu kingine, kama redio ya siasa au simu baada ya saa mbili usiku. Mwislamu mgonjwa ana ruhusa ndani ya dini yake mwenyewe: atalipa siku hizo akipata nafuu, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuisha atatoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Sheikh na daktari waulizwe wote wawili kabla ya Ramadhani kuingia.

Mafuta ya upako hayana ubaya, na Yakobo sura ya 5 inaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka. Ila mambo mawili naomba uwaambie mapema. La kwanza ni bega. Misuli inayoshika bega la upande uliopooza imelegea, na mtu akikuvuta mkono huo ili uuinue kumsifu Mungu, kiungo kinaweza kuteguka na kukuachia maumivu ya miezi. La pili ni kuanguka. Katika makanisa yetu mengi mtu huombewa amesimama, mkono ukiwa kwenye paji la uso, na wengine huanguka. Wewe omba uombewe umeketi, kwenye kiti chenye mgongo. Mchungaji anayekupenda hatakataa.

Dawa za mitishamba usizichanganye kimyakimya na za hospitali, hasa kama umepewa za kuzuia damu kuganda. Kupimwa presha hakuhitaji safari: wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao ya vifaa mwaka 2023 wana mashine, na huenda mmoja wao anapita kijijini kwenu. Hakikisha pia umejisajili na SHA, bima ya afya ya taifa ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Hatua ya 3: Yajue machozi yako

Si kilio chote ni kimoja, na kuyachanganya huleta lawama bure.

Upo msiba wa kweli. Umepoteza mkono ulioujua, kazi, heshima ya kuingia chooni peke yako. Huo ulilie. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa kufariji mwishoni, na bado imo katika Maandiko. Isome, au usomewe, siku ambayo nyimbo za shangwe zinakuumiza.

Kipo kilio kinachokuja chenyewe. Mtu anakusalimia tu na machozi yanamwagika, au unacheka matangani. Hilo ni jeraha la ubongo, sehemu inayozuia hisia imeguswa. Waambie watu wa nyumbani wasibembeleze sana. Wabadilishe mazungumzo, nawe uvute pumzi polepole, litapita.

Upo pia unyong'onyevu, nao humpata karibu mmoja kati ya kila wagonjwa watatu wa kiharusi. Dalili zake ni kukosa usingizi au kulala kutwa, kukataa chakula, kukataa mazoezi, kuhisi umekuwa mzigo, kutamani usiamke. Ukiona hivyo kwa wiki mbili mfululizo, sema kliniki kwa maneno wazi. Unatibika kwa ushauri nasaha na kwa vidonge, na kumeza vidonge hivyo hakupunguzi imani. Eliya alipochoka akaomba kufa chini ya mti, Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla ya kuzungumza naye lolote. Na kama wazo la kujiua limeingia, mwambie mtu leo, na mtu huyo asikuache peke yako mpaka mfike hospitali.

Hatua ya 4: Sala ulimi unapogoma

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani mgonjwa asiyeweza kusema amefungiwa nje ya sala.

Kiharusi kikigusa sehemu ya lugha, mtu anaweza kuelewa kila unachomwambia na bado akashindwa kutamka jina la mtoto wake. Anajua, ila neno haliji. Lakini mara nyingi mtu huyohuyo ataimba ubeti mzima wa tenzi aliyoimba tangu utotoni, au atasema Baba Yetu toka mwanzo hadi mwisho akishaanziwa maneno mawili. Maneno tuliyoyarudia maelfu ya mara, na maneno yaliyovaa sauti ya wimbo, hayategemei njia zilezile za ubongo zinazotunga sentensi mpya. Wataalamu wa usemi wamelitumia jambo hilo kutibu tangu miaka ya 1970, na nyumbani unaweza kuanza hivi.

Keti mbele yake, uso kwa uso, redio ikiwa imezimwa. Chagua wimbo mmoja tu, ule wa zamani kuliko wote, hata kama wewe hupendi. Imba polepole, ukigonga mkono wake wa kushoto juu ya paja kwa kila silabi. Mwanzoni yeye avumishe tu. Kesho imbeni pamoja. Akishazoea, nyamaza kwenye neno la mwisho la mstari umwachie alimalizie. Baadaye chukueni sentensi fupi anayoihitaji kila siku, "nataka maji" au "niombee", muiimbe kwa mtindo huohuo, kisha mpunguze sauti ya wimbo kidogokidogo mpaka ibaki kama usemi wa kawaida. Dakika kumi zinatosha, mara mbili kwa siku. Akichoka acheni.

Lugha nayo ichagueni kwa makini. Mtu aliyelelewa kwa Kidholuo au Kimaragoli, akasoma kwa Kiingereza, akafanya biashara kwa Kiswahili, huenda moja ikarudi kabla ya nyingine, na si lazima iwe ile mnayoitarajia. Jaribuni zote. Usimsahihishe akichanganya.

Asiyetamka kabisa ashike rozari au tasbihi katika mkono ulio mdhaifu, ukisaidiwa na ulio mzima. Ashike kidole kimoja kwa kila mtu anayemwombea. Au mwombe wewe kwa sauti, yeye akubane mkono mahali pa "Amina".

Kusoma pia huweza kuharibika. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo wakati mwingine humfanya mtu asiuone upande wa kushoto wa ulimwengu: anaacha ugali wa kushoto mwa sahani, anaanza mstari katikati. Weka uzi mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, umfundishe kurudi kwenye uzi kila anapoanza mstari mpya. Ikishindikana, Biblia za kusikilizwa zipo kwenye simu kwa Kiswahili na kwa lugha zetu kadhaa.

Hatua ya 5: Ipe siku mpangilio

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mwili hurejea kwa kasi zaidi, na nafuu huendelea kuja hata baada ya hapo kwa anayefanya mazoezi. Barabara ikikatwa na mafuriko ya Nyando, watu hukanyaga njia nyingine shambani mpaka nayo ikawa barabara. Ubongo hufanya vivyo hivyo, na kukanyaga ndiko mazoezi: jambo lilelile, mara nyingi, kila siku.

Hapa imani ina msaada mkubwa, kwa sababu mtu wa sala tayari anajua kurudia. Wataalamu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi, hufundisha kufumbata mikono, vidole vya mkono mzima vikiingia kati ya vya mkono uliopooza, kisha kuinyoosha mbele taratibu hadi usawa wa kifua. Hiyo ndiyo mikono ya kuomba. Fanya ukisema zaburi unayoijua, bila kupita mahali bega linapouma. Kuinuka kitini na kuketi tena, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani na mtu akiwa karibu, kunaweza kwenda na mistari ya wimbo: mstari mmoja, inuka, mstari wa pili, keti. Tano asubuhi, tano jioni, kisha uongeze jinsi fizio wako atakavyokuelekeza.

Uchovu wa kiharusi si uvivu. Lala mchana bila kuomba radhi.

Hatua ya 6: Rudi kwenye ibada, kwa mipango

Mtu anapokosa ibada miezi sita huanza kuhisi amekufa na kusahauliwa. Rudi mapema iwezekanavyo, ila usirudi kiholela. Tuktuk ni salama kuliko bodaboda kwa mtu ambaye upande mmoja haushiki. Mwombe mtu wa kupanga viti akuwekee nafasi kando ya njia, mbali na spika, kwa maana ubongo uliojeruhiwa huchoshwa haraka na kelele. Kaa saa moja uondoke, hakuna anayekuhesabia. Kesha uache kabisa kwa sasa: usingizi ni sehemu ya matibabu.

Kumeza kuna hatari yake. Ukikohoa ukinywa maji, au sauti yako ikawa kama ina maji baada ya kumeza, chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni. Mwambie daktari, na umwambie padri au mchungaji kabla ya Ushirika. Keti wima, pokea kipande kidogo sana, umeze, subiri, ndipo uendelee. Kwa Wakatoliki chembe ndogo ya hostia ni Komunyo kamili, na mgonjwa asiyeweza kumeza kigumu anaweza kupewa Damu peke yake, kama madaktari wameruhusu vinywaji. Anayehudumu asiione hiyo kama usumbufu.

Mwislamu asiyeweza kusimama ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi ataswali amelala kwa ubavu, akiashiria kwa kichwa. Asaidiwe kutawadha, na ikiwa maji yanamdhuru au hayafikii, ipo tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi.

Kama kanisa lina ngazi na huna wa kukubeba, taja majina ya watu wanne na uwaombe waziwazi. Yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2 alifika kwa Yesu kwa mabega ya watu wanne, na Yesu aliiangalia imani *yao*. Siku ambazo yako imekauka, egemea ya wengine. Na wazee wa kanisa wakae wajenge mteremko wa saruji pale mlangoni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mapazia mapya.

Hatua ya 7: Wageni

Wageni ni baraka yetu, tena huchosha. Pangeni saa: labda kumi hadi kumi na moja jioni, watu watatu kwa mara moja. Binti au mke wa nyumbani ndiye awe mlinzi wa mlango, mgonjwa asilazimike kuwafukuza watu mwenyewe. Akija mtu na "imani yako ni ndogo", jibu fupi latosha: "Asante, mama. Leo nahitaji uniimbie tu." Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo wiki yao bora. Mgeni mzuri huja na mboga, huosha vyombo, husoma sura moja, huaga.

Hatua ya 8: Shika kazi

Watu wengi husubiri kusudi lifunuliwe. Mimi naona hupatikana kwa kumhudumia mtu mmoja, tena wiki hii.

Jiulize: kabla ya kiharusi, watu walikuwa wanakuja kwangu kutafuta nini? Usiangalie mkono ulifanya nini, angalia walichokifuata. Mwalimu mstaafu hakuhitajika kwa sababu ya chaki. Watoto wa jirani wanaweza kuja kumsomea kwa sauti jioni, na yeye akasikiliza na kutikisa kichwa panapokosewa. Mama aliyeuza sokoni Kibuye miaka ishirini anajua nani hulipa deni na nani hapaswi kukopeshwa, na chama kinahitaji mtu kama huyo zaidi ya kinavyohitaji mwenye mbio. Mvuvi wa Dunga anajua upepo na nyavu, na vijana wapo. Mkulima wa Vihiga ataketi na kuchambua mrenda na saga kwa mkono mmoja, au kupanda sukuma kwenye magunia yaliyo kwenye kimo cha kiti chake. Mzee wa boma, ambaye kidonda chake kikubwa ni kuona mambo yanaamuliwa bila yeye, aulizwe. Hata kama jibu lake ni kwa kichwa, aulizwe kwanza.

Ipo huduma ya simu. Andika majina saba, moja kwa kila siku: mjane, kijana aliyepotelea Nairobi, mgonjwa mwingine wa kiharusi. Piga, au mtumie ujumbe wa sauti, hata wa maneno matano yaliyokwama. Mtu anayepokea sauti iliyopiganiwa hivyo huisikia tofauti.

Na ipo huduma ambayo wewe pekee unaifaa. Omba dakika tano baada ya ibada. Simama, au keti mbele, useme: mimi nilikuwa na presha na sikujua. Siku hiyo mualikeni mhudumu wa afya apime watu mlangoni. Wafundishe dalili: uso umeshuka upande mmoja, mkono unaanguka ukiinuliwa, maneno yanavurugika. Mtu akionyesha hata moja, akimbizwe hospitali kubwa yenye mashine ya picha ya kichwa saa hiyohiyo, asipelekwe kwanza kuombewa wala kupewa aspirini, na mwandike saa ambayo dalili zilianza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi, na hospitali inahitaji kujua huo muda. Maombi yaende naye ndani ya gari.

Ushuhuda wako uwe wa kweli. Kama mkono bado umelala, sema umelala. Msikilizaji aliye na mkono kama huo atajua kwamba naye anaweza kuja kanisani.

Kwa wewe unayeuguza

Mara nyingi ni mke, binti au mkaza mwana, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Kuchoka kwako si dhambi, na hasira yako saa tisa usiku haimaanishi humpendi. Peleka ombi kwenye jumuiya au chama: si pesa, ni zamu. Mtu mmoja kila Jumamosi alasiri, nawe utoke nyumbani kabisa, ukalale kwa dada yako au uende kanisani peke yako. Upimwe presha na wewe.

Anayekuja kushika zamu mwachie karatasi ukutani: saa za dawa, mkono upi usivutwe, aketishwe wima kabla ya kula na abaki wima nusu saa baadaye, wimbo anaouweza, nambari ya gari la kwenda hospitali usiku.